Kumwitikia Juvenali

Kanazi, Ngara
14 Januari 2024

Mwanangu Novatus,

Pokea salamu za nyumba nzima, yaani zangu mimi, paka na kuku kumi na wawili. Mimi ni mzima isipokuwa goti. Uliliacha likiuma na utalikuta likiuma, hilo lisikusumbue. Mvua imenyesha kwa fujo, maharage ya bondeni yameoza, lakini migomba imesimama vizuri na hatutalala njaa.

Barua yako ya kwanza ilikaa njiani wiki tano kabla ya kufika kwenye sanduku la parokia. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa kalamu nyekundu. Mwalimu hastaafu, mwanangu. Una makosa sita, na matatu kati ya hayo ni ya uvivu.

Kwa hiyo wewe na Juvenali mmetoka Ngara, mkapanda ndege mbili na meli siku mbili, mkaenda kisiwa cha Marelo kupanda mawe baharini bila mshahara. Watu wananiuliza, "Mwalimu Scolastica, mwanao anafanya kazi gani huko?" Nawaambia anajitolea. "Anajitolea nini?" Nawaambia anapanda matumbawe, ni kama kupanda miche, ila chini ya maji. Wanacheka mpaka wanakaa chini. Waache wacheke. Ukirudi na cheti cha mradi huo, kazi ya uvuvi Mwanza itakukuta mlangoni.

Juzi tulikuwa na msaragambo, kijiji kizima tunalima barabara ya zahanati. Mtendaji aliita majina kama kawaida yake, asiyeitika anaandikwa na kutozwa faini. Jirani yetu Felisita alikuwa bado njiani na jembe lake, nikaitika mimi, "Yupo!" Akafika baadaye anahema kama mbuzi wa mnada. Tukacheka sana. Ndivyo tunavyoishi hapa, usisahau huko kwa wageni.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nilikwenda Nyabusozi, kule Biharamulo, kumwona mama yake Juvenali. Unajua alivyokataa. Mabinti watano na mtoto wa kiume mmoja, halafu nije mimi kumwambia amwachie aende kuishi juu ya bahari. Siku mbili nilikaa kwenye kigoda chake nikibembeleza. Nilimwambia, Juvenali alisoma Rulenge akiwa anakaa kwangu, alikula sahani moja na Novatus miaka minne, watalindana. Mwisho akaniambia, "Mwalimu, mimi bahari siijui. Nakujua wewe." Akanipa mtoto kwa maneno hayo tu.

Basi na mimi nakuambia wewe: mrudi wawili kama mlivyoondoka. Mwambie Juvenali nimekubali aandike sanduku letu la barua kwenye fomu zake, kwa kuwa kwao hawana.

Shangazi yako,
Scolastica


Kambi ya Marelo
20 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti, pole na maharage. Barua yako imekuja na meli ya chakula, maana meli hiyo ndiyo posta yetu, kila baada ya wiki tatu bahari ikikubali. Simu zetu huku ni tochi tu. Kuna simu moja ya setilaiti ofisini na ni ya dharura.

Tuko watu kumi na wanne wa kujitolea, kutoka nchi ambazo nyingine nilikuwa naziona kwenye ramani yako ya darasani. Asubuhi tunapanda boti mbili kwenda kwenye miamba. Tunashuka na mitungi ya hewa mgongoni, tunafunga vipande vya matumbawe kwenye kamba, tunahesabu samaki, tunaandika. Jioni tunalinda mayai ya kasa. Shangazi, chini ya maji kuna rangi ambazo hata kanga za sikukuu hazina.

Najua utaniuliza kama kuna usalama. Upo, wana utaratibu mkali. Kwenye boti kubwa kuna ubao, na kila mzamiaji ana kibao chake chenye jina. Ukishuka majini unakigeuza upande mwekundu. Ukipanda, hata kama unarudi na boti ndogo, unapita kwanza kwenye ubao na kukigeuza mweupe, wewe mwenyewe kwa mkono wako. Msimamizi hawashi injini mpaka vyote vimekuwa vyeupe.

Juvenali anafurahi kuliko sisi wote. Anasema huko chini kuna ukimya kama wa kuchunga ng'ombe saa saba mchana. Tatizo lake ni kwamba anajisahau. Wenzake wanapanda, yeye bado anamfuata samaki mmoja kama anafuata ndama. Halafu akiibuka anapanda boti yoyote iliyo karibu na kusahau kibao chake. Msimamizi amemwonya mara mbili. Ya tatu ni kurudishwa nyumbani bila cheti. Nimemsema, anacheka tu.

Jambo moja sijalipenda. Wavuvi wa hapa walikatazwa kuvua kwenye ghuba hii ili samaki waongezeke. Tunapopita wanasimama ufukweni wanatuangalia. Hawatukani, hawasalimii. Nahodha wetu ni mtu wa kisiwani, na alituambia kwamba penye mwamba wa tatu mkondo hubadilika ghafla na wazee wao hawakuwa wakivua pale baada ya adhuhuri. Msimamizi akasema ana ramani.

Mwambie Mama Juvenali mwanawe amenenepa.

Mwanao,
Novatus


Kanazi
24 Machi 2024

Novatus mwanangu,

Marahaba. Safari hii makosa manne, unaendelea vizuri. Paka amezaa. Paroko amehamishwa na waumini wamegawanyika, nusu wanalia na nusu wanashukuru Mungu.

Habari ya mkondo sikuipenda hata kidogo. Sisi watu wa milimani tukiona maji mengi yanatulia, tunaogopa zaidi. Msikilizeni huyo nahodha. Mtu aliyezaliwa mahali hahitaji ramani ya pale.

Nina ujumbe wa Nyabusozi. Baba yake Juvenali, Mzee Nshoma, na mkewe wamemwona binti wa kumfaa Juvenali, anaitwa Magdalena, ametulia na ana mikono ya kazi. Wazee wa upande ule wanataka kujua kama kijana ana neno. Mzee Nshoma hataki mambo ya vijana ya kujibu baada ya mwaka. Mwambie Juvenali aandike mwenyewe, ndiyo au hapana, nami nitampelekea mama yake na kumsomea kama ninavyomsomea zako.

Tena mama yake anasema hivi, na nimeandika kama alivyosema: "Mwambieni asizoee maji."

Shangazi


2 Mei 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema pamoja na majirani wote. Mimi naendelea vizuri. Hali ya hewa huku imebadilika, kuna upepo, kwa hiyo tumesimamisha kuzamia kwa muda. Tunafanya kazi za nchi kavu, kusafisha ufuo na kupaka rangi mabweni.

Nimepata ujumbe kuhusu Magdalena. Juvenali anawasalimu wote. Ana shughuli nyingi, ataandika akipata nafasi.

Naomba utusalie.

Mwanao,
Novatus


Kanazi
9 Juni 2024

Novatus,

Sisi tupo. Goti lipo. Mahindi tumevuna kidogo.

Barua yako ya tarehe mbili Mei nimeishika mkononi kwa siku nyingi. Haina kosa hata moja. Miaka ishirini na sita nimekulea, hujawahi kuandika ukurasa bila kosa. Huu uliandikwa, ukafutwa, ukaandikwa tena, mara ngapi sijui. Halafu muhuri wa bahasha si wa meli ya chakula, ni wa mji mkuu wa huko. Ulikuwa mjini, mahali penye mtandao, na simu yangu haikuita. Ulikwenda kufanya nini?

Sikugombezi. Nakuomba jambo moja tu: niandikie habari za Juvenali kwa maneno yako mwenyewe, zote. Chochote kile, mimi ni shangazi yako na nitakisoma mpaka mwisho. Mama yake ananiuliza kila wiki kwa simu ya jirani kuhusu binti yule. Sijamjibu, maana sina la kumjibu mpaka wewe uniambie.

Nasubiri.

Scolastica


Kambi ya Marelo
15 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Usiwe na wasiwasi. Mjini nilikwenda kwa mambo ya karatasi za ukaazi, muda ulikuwa mfupi, na chaji iliniishia.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Juvenali kwa wazazi wake. Mkono wake ulichubuliwa na matumbawe, ndiyo maana mwandiko umebadilika kidogo. Naomba umsomee mama yake.

Mwanao,
Novatus

(Ndani yake:)

Kwa baba na mama wapendwa,

Shikamooni. Mimi mwana wenu ni mzima na kazi inaendelea. Nawakumbuka dada zangu wote na ng'ombe wetu. Kuhusu suala la binti, mimi sina neno, wazazi wangu mtakaloona linafaa mimi nimekubali. Meli ni za shida, msione kimya changu mkadhani nimewasahau.

Mtoto wenu,
Juvenali


Kanazi
18 Agosti 2024

Novatus,

Leo sina habari za kuku.

Tarehe tatu Juni, siku sita kabla sijakuandikia ile barua ya kukuomba uniambie, nilikuta kwenye sanduku letu bahasha ndefu nyeupe kutoka ofisi ya mradi wenu. Imeandikwa Kiingereza, kwa familia ya Juvenali Nshoma. Nilikaa kwenye ngazi za kanisa Rulenge nikaifungua. Nimefundisha Kiingereza darasa la saba miaka kumi na minane, lakini niliisoma mara tatu, nikitumaini nimesahau maana ya maneno.

Kwamba Juvenali hakurudi kutoka majini tarehe 11 Aprili, mwamba wa tatu, saa nane mchana. Kwamba walimtafuta siku nne na hawakumpata. Kwamba wanasikitika. Halafu kuna sentensi moja niliyoirudia. Wanasema boti ziliondoka kwa sababu ubao ulionyesha wazamiaji wote wamepanda. Kibao cha Juvenali kilikuwa kimegeuzwa mweupe, na haijulikani nani alikigeuza.

Mimi nilijua pale pale kwenye ngazi. Hakuna mtu mwingine kwenye boti ile, wala yule wa Ulaya wala yule wa Asia, ambaye angegeuza kibao cha mwenzake ili asiandikwe. Angekuwa ametoka wapi na tabia hiyo? Mimi ndiye niliyekufundisha. Ulikuwa na miaka saba, umeshika mkono wangu kwenye msaragambo, unaitika na wewe kwa sauti ya juu, "Yupo!", na watu wakakusifu.

Kwa nini sikusema? Kwanza, kwetu msiba hauletwi na karatasi. Anauleta aliyekuwa na marehemu, anaingia uani kwa miguu yake, wanamwona usoni kabla hajafungua mdomo. Nilikuwa nakusubiri wewe uanze. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Sababu mbaya ni kwamba mwisho wa barua ile ofisi inasema familia ina haki ya kudai uchunguzi, na mimi nilimwona mwanangu kwenye huo uchunguzi. Nikaifungia barua kabatini chini ya mashuka.

Badala yake ukaniletea barua ya marehemu. Novatus, nimesahihisha daftari zenu wote wawili miaka minne kwenye meza yangu. Ulidhani nitashindwa kuutambua mwandiko wako kwa sababu umeulaza upande?

Nilikata shauri kwenda Nyabusozi kusema yote. Nilipanda gari mpaka Lusahunga, nikachukua pikipiki, na barua zote mbili ziko kwenye mkoba, ya ofisi na ya kwako. Nilipofika nikakuta uani kumejaa wageni. Ni wazee wa upande wa Magdalena, wamekuja kutaka jibu. Mama Juvenali akaiona bahasha ikichungulia kwenye mkoba wangu, akapiga vigelegele kabla sijakaa. "Mwalimu kaleta jibu!" Wakanipa kigoda katikati yao. Nikasimama mbele ya watu ishirini, Novatus, nikasoma. Nilisoma ile ya kwako.

"Mimi sina neno, wazazi wangu mtakaloona linafaa." Wewe uliandika hivyo ili usiseme ndiyo wala hapana, najua. Lakini hayo ni maneno ya kijana mwenye adabu anayekubali. Wiki ile ile ng'ombe wa mahari walitoka kwenye zizi la Mzee Nshoma, wakaona binti aletwe hata kabla bwana arusi hajarudi. Sasa binti yuko pale, anamchotea mama mkwe maji, anamsubiri mume ambaye yuko wapi? Niambie wewe, yuko wapi?

Niandikie. Ukinidanganya tena sitajibu.

Scolastica


Kambi ya Marelo
22 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama bado nina haki ya kukuamkia, lakini shikamoo.

Ni mimi.

Siku ile upepo ulianza mapema. Nahodha alisema tusiende mwamba wa tatu, msimamizi akasema saa moja tu. Tulishuka. Tulipopanda mawimbi yalikuwa yameshakuwa makubwa na watu wawili walikuwa wanatapika. Msimamizi alisimama mbele ya ubao anaita majina kwa kelele. Vyote vilikuwa vyeupe isipokuwa cha Juvenali. Nikatazama boti ya pili, nikaona mapezi yake ya mpira ya kuvaa miguuni, yale ya bluu, yamelala kwenye sakafu. Nikasema moyoni, amepanda kule tena, amesahau kibao tena, na hii ndiyo ya tatu. Atarudishwa. Mama yake atasema nini, mimi nitakwambia nini wewe. Nilikuwa karibu na ubao. Nikanyoosha mkono nikakigeuza. Ilikuwa kazi ya kupepesa jicho. Msimamizi akageuka, akaona vyeupe, akasema twende.

Mapezi yalikuwa ya mtu mwingine. Yanafanana, yalinunuliwa pamoja.

Tulifika kambini tukashusha mitungi, tukaoga, tukakaa kula. Nilimwekea nafasi mezani. Nilipouliza watu wa boti ya pili wako wapi, wakaniambia, sisi ndio hawa. Shangazi, tangu tuondoke mwamba wa tatu mpaka swali hilo ilikuwa imepita saa moja na nusu. Tuliporudi kule hakukuwa na kitu, maji yalikuwa yamechafuka tu.

Waliuliza nani amegeuza kibao. Nilikuwa nimesimama pale, mdomo wangu haukufunguka. Wakauliza tena mjini, mbele ya polisi, na hiyo ndiyo safari uliyoigundua kwa muhuri. Nikasema sijui. Mwishowe wakasema nahodha ndiye aliyepaswa kuhesabu vichwa. Wamemnyang'anya leseni na kesi yake haijaisha. Yule aliyetukataza kwenda! Watoto wake wanapita mbele ya kambi wakienda shule, na sasa hata wao hawasalimii.

Zile barua, naapa, sikuanza kwa nia mbaya. Niliandika "Juvenali anawasalimu" kwa sababu kalamu ilikataa kuandika jingine. Nilipoona imepita, nikaandika ya pili. Nilipokuwa naandika jina lake kuna dakika nilisahau kwamba hayupo. Ni aibu kusema, lakini nilifurahi dakika hiyo.

Sijaomba msamaha kwa sababu sijui wa kuanza naye. Niambie nifanye nini na nitafanya.

Novatus


Kanazi
27 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Haki ya kuniamkia unayo, hiyo haifutwi na mtu.

Nimekwenda Nyabusozi. Sikukusubiri. Nilifikiri kukusubiri, halafu nikaona kila siku Magdalena anayoteka maji pale ni siku ninayomwibia mimi. Safari hii nilikwenda na dada yangu wa kanisa, Priscila, ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Nilimkuta Mama Juvenali anapepeta mpunga. Hakupiga vigelegele. Alinitazama nilivyoshuka kwenye pikipiki, akaweka ungo chini, akasema, "Mwalimu, leo huna bahasha." Nikamwambia sina. Nikapiga magoti, na goti langu unalijua, nikamweleza kila kitu kuanzia mwanzo. Kibao, mapezi, barua yako, barua ya ofisi niliyoificha, na siku niliyosimama uani kwake nikamsomea uongo. Sikukuficha, wala sikujificha.

Mzee Nshoma aliinuka akaenda zizini na hakurudi mpaka tulipoondoka. Mabinti walianza kulia na Magdalena akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Msichana wa watu amesimama mlangoni na mwiko mkononi, mjane wa mtu ambaye hajawahi kumwona. Hilo nalo ni letu mimi na wewe.

Baba wadogo wa Juvenali walikuja jioni. Walisema mambo ambayo sitayaandika kwenye karatasi. Mmoja alisema usithubutu kuonekana Biharamulo. Mwingine alisema aje, tena aje upesi, na huyo ndiye aliyeniogopesha zaidi. Nakueleza ili ujue, sikutishi.

Mama Juvenali hakunitukana, na heri angenitukana. Kisha akauliza swali moja, na akasema nikufikishie hilo tu. Hataki ng'ombe wake warudi, hataki barua ya ofisi, hataki pole. Anasema: "Alipogeuza kile kibao, aliangalia maji kwanza?"

Nilimwambia utakuja kumjibu mwenyewe. Akasema sawa, atasubiri, matanga hayataanza mpaka asikie.

Kwa hiyo njoo. Kabla hujaondoka, nenda polisi umtoe yule nahodha kwenye dhambi yako, hata kama watakuzuia. Wasipokuzuia, njoo. Siwezi kukuahidi kwamba pale uani utatoka kama utakavyoingia. Nitakuwa kando yako, na mimi nina langu la kujibu.

Shangazi yako,
Scolastica


Bandarini
30 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya begi langu, meli inaondoka saa kumi. Nimekwenda polisi mara mbili. Wameandika maelezo yangu, nimetia sahihi kila ukurasa. Nahodha amerudishiwa leseni. Alikuja kunitazama pale kituoni, akasimama, akaondoka. Wamesema wataniita tena kesi ikifunguliwa, na wameniachia pasi yangu. Cheti sikuchukua.

Nikifika sitapitia Kanazi. Nitashuka Lusahunga na kwenda Nyabusozi moja kwa moja, kwa sababu nikipita nyumbani nikala chakula chako nitaogopa. Barua hii naituma kwa posta ya haraka ili initangulie: tukutane pale barabarani tarehe 9 Desemba kama utakubali kwenda na mimi. Usipokuja nitaelewa.

Jibu la Mama Juvenali nitampa yeye kwa mdomo wangu. Lakini wewe utaingia pale umesimama na mimi, na si haki uingie bila kulijua. Hata kabla yake nilijiuliza swali hilo, nimelitafutia jibu jingine miezi saba. Nimejiambia kulikuwa na mvua, kulikuwa na mawimbi, hata ningetazama nisingeona kitu. Huenda ni kweli. Huenda angekuwa pale, hatua ishirini, ameinua mkono.

Sikuangalia maji, Shangazi. Niliangalia uso wa msimamizi, kuona kama ameridhika.

Novatus